Kashata za Karafuu

Verviers, le 19 février 2023

Mama yangu mupenzi,

Salamu aleikum. Natumaini barua hii inakukuta muzima, wewe na baba, na wale kuku wako wenye kiburi. Sisi huku tuko wazima, ni baridi tu inatutesa. Nasoro anavaa suruali mbili akienda kazini, na anasema haimusumbue, lakini ninamuona vile anatembea kama bata. Anakusalimia sana, mama mukwe wake.

Mama, kaa kwanza. Umekaa? Niko na mimba. Docteur anasema mwanzo wa septembre. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, hata mama ya Nasoro bado, kwa hiyo usimuandikie mutu mbele yangu, ninakujua. Ninataka uje. Uje unikalie arobaini kama vile bibi alikukalia wewe nilipozaliwa. Huku mwanamuke anazaa leo, kesho wanamuambia arudi nyumbani ajipikie supu. Nasoro ameanza kutafuta karatasi za kukualika.

Jambo la pili ni la furaha tu. Jumamosi niliingia mu duka la Maman Chantal, mutu wa Uvira anayeuza sombe ya muhogo na samaki za ndagala hapa karibu na gare ya train. Pale anapopokelea feza kulikuwa sahani ya kashata ya karanga. Nikachukua moja, nikaiweka mudomoni. Mama! Sukari inatangulia, tangawizi inakuja nyuma polepole, kama ya kwako kabisa, kama vile mukono wako ulitoka ndani ya karatasi. Nililia palepale. Mzee mumoja mzungu akanipa mouchoir nipanguse machozi, akafikiri nimefiwa. Nilichukua zote zilizobaki. Nilipomuuliza Maman Chantal zimetoka wapi, alisema, «Zimetoka kwetu,» akacheka.

Sasa sema kweli: umeanza kutuma kashata Ulaya na hauniambie mutoto wako?

Musalimie baba. Siku hizi akipiga telefone haongei sana.

Mutoto wako,
Salima


Bagira, le 14 mars 2023

Kwa mutoto wangu Salima, taji ya kichwa changu,

Aleikum salamu, wewe na Nasoro, na huyu mugeni ambaye bado hana jina. Mimi niko muzima, magoti tu ndiyo yanazeeka, ule mwili mwingine bado ni wa musichana. Mvua inanyesha hapa Bagira kama vile imetumwa. Kuku mumoja alichukuliwa na kimburu, paka wa pori, ule mwekundu, ule niliyesema nitakuchinjia siku utakuja. Sasa atachinjwa mwingine.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilipiga kigelegele mpaka Maman Carine, jirani yetu, akatokea kwa uzio wa lupango na mutwangio mukononi, akafikiri ni mwizi. Uliniambia nisiseme. Nilisema kwake tu. Yeye ndiye alisema kwa wengine, na wengine wakasema kwa wengine, na sasa nikipita sokoni wananiita Bibi. Maman Carine akasema, «Hata wa kwangu iko Canada.» Nikamuambia, «Wa kwako iko Canada anasukuma wazee mu viti, wa kwangu iko Ubelgiji anazaa.» Hajanisalimia tangu siku ile, lakini itamupita, chumvi yake ilikwisha jana.

Mambo ya mimba usinipigie kwa telefone. Telefone yangu ilianguka mu maji, sasa inasikika kwa haut-parleur tu. Ukisema «mama», hata wauza makala ya kupikia wa barabarani wanaitika. Andika. Barua haina mudomo.

Na kashata. Mutoto wangu, wewe unashangaa nini? Muji huu wote unajua mukono wa Mwanvita. Kuna bibi harusi hapa Bukavu aliyekataa kutoka mu chumba mpaka wamuonyeshe sahani, aone kama ni yangu. Kuna Padri, Padri kabisa, anayetuma mutu kuninunulia siku ya Pâques, Pasaka yao. Kwa hiyo ukisema umelia, sishangae. Wenye macho makavu wamelia.

Lakini mimi sijatuma kitu Ulaya. Hapo ndipo usingizi yangu inakatika. Nani ametuma? Angalia vizuri: zimekatwa namna gani, karatasi iko rangi gani, na ndani katikati kuna nini. Na huyu Chantal anacheka nini? Muchuuzi akicheka bila sababu, shika mukoba wako. Usimuambie wewe ni mutoto wa nani.

Baba yako iko muzima. Alishuka Uvira kwa mambo ya vitenge, atapanda kurudi wiki kesho. Sasa anashuka sana, kazi inaenda vizuri, Alhamdulillah.

Juu ya kuja kwangu, tutaona.

Mama yako anayekupenda kuliko wote,
Mwanvita


Verviers, le 10 avril 2023

Mama mupenzi,

Ramadhani karimu. Ninajua huko mumeshafuturu na uji wa tangawizi, na baba analalamika ni moto kisha anaomba kikombe cha pili. Mimi sifungi, docteur amekataza, nitalipa nikishazaa. Nasoro anafunga na anataka niwe namuhurumia tangu asubuhi. Mutoto ameanza kucheza tumboni, kama samaki mu beseni.

Uliniambia niangalie, nimeangalia. Zilibaki kidogo, nilikuwa nazificha mu sanduku ya viatu, Nasoro asizione. Zimekatwa losange, umbo la almasi, pembe kali, hakuna iliyovunjika. Karatasi ni ya rose, ile laini, imesokotwa pande mbili. Na katikati, mama, kila moja iko na karafuu moja. Zile za kwanza nilikula kwa haraka, nikafikiri ni ganda la karanga, nikatema. Safari hii nilifungua polepole. Ni karafuu, imekandamizwa kichwa juu.

Wewe mwenyewe ulinifundisha. Kashata za kuuza hazitiwe karafuu, hata mununuzi akilia. Karafuu ni ya harusi za nyumba yetu tu, bibi alitoka nayo Ujiji, na hakuna mutu wa nje anayejua. Siku ya ndoa yangu nilikuona unazikandamiza kwa kidole gumba, na kila mutu wa kwetu aliing'oa yake kwa meno na kuniombea dua mbele ya kumeza.

Sasa mimi sina kaka, sina dada. Ndugu za baba wameoa wote zamani. Nani wa nyumba yetu amefunga ndoa, na mimi sijaambiwa?

Nilirudi kwa Maman Chantal. Alisema binamu yake alizileta kutoka harusi moja Uvira, mwezi wa kumi na mbili, zilikuwa nyingi zikabaki. Nikamuuliza, «Harusi ya nani?» Akaanza kupanga nyanya zilizokuwa tayari zimepangwa. Nikamuuliza tena. Akasema, «Ah, wewe, mutu mwenye mimba haulizi mambo mingi.» Safari hii hakucheka.

Karatasi zako Nasoro amezituma. Niambie kama zimefika. Na nijibu lile la juu.

Salima


Bagira, le 22 juin 2023

Kwa mutoto wangu Salima,

Salamu mingi kama majani ya chai. Usikasirike kwa kuchelewa. Ni Philémon, huyu anayebeba barua zetu akienda kutafuta magari huko Ulaya, alibadilisha safari mara mbili. Idi ilipita vizuri. Nilipika pilau, hata Maman Carine alikula, akachukua na sahani ya kupeleka nyumbani, na yeye ni mutu wa chorale ya kanisa. Nilivaa ile kanzu uliyonitumia. Watu waliuliza imetoka wapi, nikasema sikumbuke, ili waulize tena.

Bati la jikoni linavuja. Baba yako atalitengeneza akipanda. Iko muzima.

Mambo ya ile kashata, nimefikiri, nimeona ni wizi. Unakumbuka Colette aliyekuwa ananisaidia kukaanga karanga mwaka jana? Huyu alikuwa na macho mingi. Nilimuona siku moja anaangalia kikopo cha karafuu. Ni yeye amepeleka siri Uvira, na sasa watu wa huko wanapika na kusema ni yao. Nitamukamata. Kwa hiyo hakuna harusi, hakuna nini. Watu wanaiga. Kitu kizuri kinaigwa, mimi nimezoea.

Lakini huyu Chantal ni mutoto wa nani? Kabila gani, mutaa gani wa Uvira, aliolewa na nani? Anakuuliza habari zangu? Alishawahi kutaja jina la baba yako? Usiende tena mu duka lake. Sombe utapata kwa wengine. Mutu anayepanga nyanya mbele ya swali ni mutu wa hatari.

Juu ya kuja, mutoto wangu, iko ngumu. Bati, kuku, magoti. Nyumba haiwezi kubaki yenyewe. Mama ya Nasoro si iko Lille, karibu na wewe? Aje yeye. Najua hajui kukanda mwanamuke aliyezaa, lakini atajaribu.

Usiniulize tena mambo ya Uvira. Unakula vizuri?

Mama yako,
Mwanvita


Verviers, le 9 juillet 2023

Mama,

Salamu aleikum. Ninakula vizuri. Miguu imevimba kidogo. Nasoro anakusalimia.

Philémon alileta barua mwenyewe mpaka mulangoni. Nilimuuliza kwa nini alichelewa hivi. Alisema alipita kwako mara tatu tangu mwezi wa nne, na kila mara ulimuambia barua haijaisha. Nilimupa chai.

Baba alinipigia juzi, bila wewe. Akauliza, «Mama yako anakuandikia nini siku hizi?» Nikasema, mambo ya kuku. Halafu akauliza tena, «Ni kuku tu?»

Basi. Juu ya zile kashata, nafikiri uko na haki, ni mutu ameiga, tena mutu asiyejua. Nilizijaribu tena, nikaona furaha ya kwanza ilinidanganya. Sukari imeungua. Iko na uchungu nyuma ya ulimi, na ni ngumu kama changarawe. Nasoro alitema yake mu sinki. Nina huruma na wageni wa ile harusi, nadhani walicheka mpaka asubuhi. Pole kwa kukusumbua bure.

Mama ya Nasoro hatakuja. Ninakungoja wewe. Ni miezi miwili tu imebaki.

Salima


Bagira, le 24 juillet 2023

Kuungua?

Salima, umesema kuungua? Sukari ya nani? Mimi nimesimama mbele ya lile jiko siku mbili, sikuacha mutu ashike mwiko, karanga za Kamanyola nimechagua moja moja kama muchele wa mugonjwa, zimetoka hapa rangi ya asali, unaweza kusoma gazeti ndani yake, na wewe unasema kuungua? Huyu Nasoro wako alizaliwa na ulimi ama waliusahau? Mu sinki! Hakuna mutu aliyecheka kwa ile harusi. Waliomba zaidi! Yule shangazi alinitumia salamu kwamba waligombana kwa mabeseni!

Haya. Umenishika. Nimeandika na bic, haifutike, na karatasi nyingine sina. Basi sikiliza yote, na usinikatize.

Mwezi wa kumi na mbili alikuja hapa mwanamuke mumoja wa Uvira, mutu wa heshima, amevaa buibui ya kushonwa vizuri. Akasema yeye ni shangazi wa bibi harusi, anataka kashata za ndoa, mabeseni matatu, kwa sababu wameuliza kila mahali, na kila mahali wameambiwa hakuna kama Mwanvita wa Bagira. Nilimukalisha kwa kiti kizuri. Unajua mimi ninaomba majina ya maharusi, nipate kuwasomea dua sukari ikianza kuyeyuka. Nikamuomba. Akasema, «Musichana anaitwa Feza. Bwana ni Abdulhamid, ule wa vitenge, anashuka kila mara kutoka Bukavu. Unamujua?»

Nikasema, «Ninamujua kidogo.»

Hakujua mimi ni muke wa nani, Salima. Huko Uvira baba yako ni Abdulhamid wa vitenge, na mimi watu wananiita kwa kazi yangu. Yule mama alikunywa chai yangu, akasifu nyumba yangu, akasema bwana harusi ni mupole, hana makelele. Nikamuambia, «Ndiyo, nimesikia hana makelele.»

Maman Carine ningemuambia, angelia kwa ajili yangu, angeshuka Uvira na ule mutwangio. Mimi nilifikiri hivi. Nikikataa, watapikiwa na mutu mwingine, na baba yako atakaa pale anacheka, na watu watasema muke mukubwa hajui kitu, wamemufunika macho kama kuku wa kupelekwa sokoni. Hapana. Mimi nisichekewe. Nikanunua karatasi ya rose. Nikapika kama vile nilikupikia wewe. Na nikatia karafuu, kila moja, sikuruka hata moja. Ile si harusi ya nyumba yetu? Basi ipate karafuu yake. Nilitaka watakapomuletea baba yako sahani, na kanzu yake nyeupe na maua yake, afungue karatasi, aume, na ulimi wake umuambie nani alimupikia.

Ulimi ulimuambia. Baba yako alipanda siku chache nyuma ya ile harusi. Aliniletea kitenge cha bleu, wax ya kweli, nzito. Akakaa. Nikamupa chai. Akaangalia ndani ya kikombe sana, kama mutu anatafuta kitu kimezama. Akasema, «Barabara ya Kamanyola imeharibika.» Nikasema, «Pole na safari.»

Ni hivyo mpaka leo. Yeye anajua niko najua. Mimi niko najua anajua. Tunakula, tunaswali, tunaongea bei ya makala. Akisema «ninashuka», ninamufungia chakula cha njiani. Ninamufungia kizuri, aende nacho kwa huyu Feza, aonje.

Colette hana kosa, nilimusingizia mu barua, Mungu anisamehe. Karafuu sikumuonyesha mutu.

Na visa ilitoka. Ilitoka tangu mwezi wa tano. Passeport iko chini ya matela ya kitanda changu, na hata Maman Carine sijamuonyesha. Wewe unanijua, pima mwenyewe namna gani ninaogopa. Dini inamupa ruhusa, sibishane na dini. Lakini mwanamuke akitoka mu nyumba ambamo jambo halijasemwa, anarudi anakuta limejisema lenyewe. Nitarudi nikute sufuria za mutu mwingine kwa mafiga yangu, na baba yako ataniambia barabara ya Kamanyola imeharibika.

Sasa salamu. Nilisahau kuanza nayo. Salamu aleikum, wewe na huyu Nasoro asiye na ulimi. Miguu ikivimba, weka juu ya nguo iliyokunjwa, usiweke mu maji ya moto.

Mama yako


Verviers, le 6 août 2023

Mama yangu,

Salamu aleikum, na unisamehe. Hazikuungua. Zilikuwa tamu kuliko zote ulizowahi kupika. Nasoro hakutema kitu, alikula zake na zangu, na sasa amekasirika na mimi kwa sababu nimeharibu jina lake kwako. Nilisema uongo kwa makusudi. Mutu akikuita muongo, unanyamaza miezi miwili. Mutu akikuambia umeunguza sukari, unasema yote.

Nilikuwa nimeshajua nusu. Tangu Maman Chantal alipoanza kupanga zile nyanya. Lakini kujua kwa duka ni kitu kimoja, kusoma kwa mukono wako ni kingine. Nilikasirika mpaka mutoto akanipiga teke. Ni baba yangu pia. Alinibeba kwa mabega mpaka madrasa. Baba akipiga telefone sasa ninamupa Nasoro.

Sitakuambia umuache, wala umuvumilie. Mimi ni mutoto, siwezi kukuamulia. Ninakuomba moja tu. Usiache mutoto wangu afungue macho na wewe uko Bagira unalinda mafiga. Miezi minane munaongea bei ya makala, mama. Unaogopa jambo litajisema wakati haupo. Basi liseme ukiwa upo, halafu uje.

Tiketi ni ya tarehe 29, kupitia Kigali. Nasoro ameshaichukua, usimuambie irudishwe.

Salima wako


Bagira, le 21 août 2023

Kwa Salima, mutoto aliyejifunza ujanja kwa mama yake,

Aleikum salamu. Natumaini barua hii inakukuta bado haujazaa, kwa sababu nimemuambia mutoto angoje. Sisi tuko wazima. Mvua ya kwanza imeanza kunukia. Maman Carine anasema atachunga kuku, na mayai atakula yeye, tumepatana.

Kumudanganya mama yako kwa sukari! Siku nyingine sema nyama yangu iko na chumvi mingi, uone. Lakini nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu mwezi wa kumi na mbili.

Jumapili, nyuma ya alasiri, baba yako alikaa kwa ngazi ya mulango anapaka viatu rangi. Mimi nilikuwa nachambua mboga. Nikamuuliza, «Baba Salima, unashuka kesho?»

«Ninashuka. Mizigo inaningoja.»

«Hii mizigo inaitwa nani?»

Burashi ikasimama. Akasema, «Mwanvita…»

Nikamuambia, «Mwanvita ni mimi, hilo ninalijua. Mimi ninaenda kwa mutoto. Visa iko, tiketi iko. Lakini sitaacha nyumba yangu na jambo ambalo halina jina. Taja.»

«Si unajua.»

«Ninajua. Sijasikia kwa kinywa chako. Taja.»

Akaangalia kiatu. Akasema, «Feza,» pole pole, kama mutu anayemuambia munganga mahali panapouma.

Nikasema, «Sema vizuri. Ni muke wako, umemuoa mbele ya shehe. Si mwizi umemuficha mu makala.»

Jasho lilikuwa linamutoka, Salima, na jua lilikuwa limeshapoa. Akasimama, kiatu kimoja mukononi. Akasema, «Muke wangu wa pili anaitwa Feza!» Alisema kwa nguvu mpaka ng'ambo ya lupango Maman Carine akaacha kutwanga. Halafu yeye mwenyewe akashituka na sauti yake.

«Na wa kwanza?»

«Mwanvita.»

«Na hii nyumba ya Bagira, na jiko lake, ni ya nani?»

«Ni ya Mwanvita.»

«Huyu Feza atakanyaga hapa mimi sipo?»

«Hatakanyaga.»

«Nikiwa nipo?»

Hapo aliweka kiatu chini. Akasema, «Mpaka wewe umuite.» Aliuliza kama ninataka akae chini aniombe musamaha. Nilimuambia amalize viatu kwanza, rangi inakauka.

Hakuna mutu ametwanga kwa lupango mpaka jua lilipozama. Jioni Maman Carine alipita na sahani ya maharage ambayo sikumuomba, akaiweka, akanishika bega, akaenda bila kusema neno. Maman Carine, bila neno! Nilijua kesho Bagira yote itasema. Waseme. Sasa wana kitu cha kweli cha kusema, na nimekisema mimi mbele yao.

Baba yako anataka kukupigia. Mupokelee. Usimuambie maneno ya kumaliza, muambie tu miguu yako inaendeleaje.

Philémon anaondoka leo na barua hii, mimi ninafuata. Muambie Nasoro alete koti kubwa kwa aéroport. Asilete la kwako, mimi ni mwanamuke munene, sitaki kuingia Ulaya nimebanwa kama muhogo mu jani. Na huyu Maman Chantal, kabla ya mambo yote mengine, nitapita kumusalimia mu duka lake. Nataka nione zile nyanya.

Usiniulize kama nimemusamehe baba yako. Niulize kama nimefunga valizi ya safari.

Nimefunga.

Mama yako,
Mwanvita